Corolla 100 iliyotolewa EFI na kufungwa kabureta ya 5K: kisa kimoja cha Tabata

Gari lenyewe ni Toyota Corolla 100 yenye injini ya 5A-FE, cc 1498. Mwenye nalo ni kijana anayechukua samaki Ferry alfajiri na kuwapelekea mama lishe wa Magomeni, Manzese na Tabata. Lilipoletwa kwenye gereji yetu lilikuwa na malalamiko manne: linakula mafuta kupita kiasi, likishapata moto ukilizima haliwaki tena upesi, halivuti hata kwenye kilima kidogo, na ndani linanuka petroli mpaka abiria anaomba kioo kishushwe. Miezi michache nyuma fundi wa mtaani kwao alikuwa ameondoa mfumo wa EFI, ule wa kurusha petroli kwa injekta unaoongozwa na kompyuta, na kufunga kabureta ya injini ya 5K, ile ya LiteAce na TownAce. Alimpa maneno ambayo kila mwenye Toyota ya zamani hapa Dar ameshayasikia: EFI ikianza kusumbua haiponi, funga kabureta upumzike.

Hakupumzika. Alipomaliza kutuamkia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Fundi, niambie ukweli, niliuze skrepa?"

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu gari hili lilikuwa limebakiza kidogo kuungua likiwa na watu ndani, na kwa sababu ugonjwa uliosababisha yote hayo ulikuwa mdogo mno. Ulikuwa kwenye soketi ya waya mbili.

Ugonjwa wa mwanzo

Tulianza kwa kumhoji, maana gari lililokwisha kubadilishwa halikuonyeshi tena lilivyokuwa. Alisema kipindi cha mvua kubwa alipita Jangwani maji yakiwa yamejaa barabarani. Gari halikuzima, akavuka, akaendelea na kazi. Wiki kadhaa baadaye likaanza kutoa moshi mweusi. Mafuta yakawa yanakwisha haraka, na sailensi, mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, ikawa nzito, injini inatetemeka ikisimama kwenye foleni. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka hata mara moja.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, akasafisha injekta, kisha akasema kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, imeingia maji. Wakaenda Ilala Shaurimoyo wakapata boksi nyingine ya mtumba, wakaichomeka. Moshi ukabaki uleule.

Hapo ndipo palipokuwa na jibu, na ndipo walipolipita. Boksi mbili tofauti zikitoa moshi wa aina moja kwenye gari moja, boksi inaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Kinachobaki ni taarifa ambazo boksi inapewa. Ukiipelekea taarifa ya uongo, boksi nzima kabisa itafanya hesabu sahihi juu ya uongo huo, na gari litaumwa.

Katika injini hii boksi inakadiria petroli kwa mambo matatu makubwa: kasi ya injini inayosomwa kwenye distribyuta (kigawa moto wa plagi), mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi (njia za hewa kuingia kwenye silinda) unaosomwa na sensa ya vakyumu, na joto la maji linalosomwa na sensa ndogo yenye waya mbili karibu na thamostati. Sensa ya joto ni kizuizi cha umeme kinachopungua kadiri maji yanavyopata moto. Maji yakiwa na nyuzi 20 mita inasoma kati ya ohm 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 80 inashuka hadi kati ya ohm 200 na 400. Boksi ikiona ohm nyingi inaamini injini ni ya baridi, inaongeza petroli kama mtu aliyevuta choki.

Tulipima kwenye sensa yenyewe injini ikiwa ya moto: ohm 310. Nzima. Kisha kijana wetu aliyesoma VETA Chang'ombe akapima waya zilezile upande wa pili, kwenye plagi ya kontroli boksi nyuma ya dashibodi. Mita ikasoma zaidi ya ohm 1,900. Tukarudi kwenye soketi ya sensa, tukaichomoa na kuimulika kwa tochi. Pini moja ilikuwa imeota kutu ya kijani kibichi, na waya unaoingia humo, ukiuvuta kidogo, ulikuwa umebakiwa na nyuzi chache tu za shaba ndani ya ganda lake. Maji ya Jangwani yaliingia humo yakakaa. Chumvi na uchafu vikafanya kazi taratibu.

Wengi huuliza kwa nini taa haikuwaka. Kwenye Toyota za kipindi hiki, sensa ya joto la maji ina kodi yake, yaani namba ya kosa, 22. Ukiunga TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, taa ya dashibodi inakuhesabia kodi kwa kuwaka na kuzima. Lakini kodi 22 inakuja pale waya ukikatika kabisa au ukigusana. Ohm 1,900 ni kipimo halali. Ni kipimo cha injini iliyoamka asubuhi. Boksi haikuona kosa lolote. Kwa hiyo fundi aliyetegemea taa peke yake, bila mita mkononi, asingeweza kuuona ugonjwa huu. Simlaumu kwa kutokuwa na mita. Namlaumu kwa kukata manifoldi kabla ya kutafuta mwenye mita.

Kilichofanywa

Herufi ya mwisho ya jina la injini, E, ndiyo inayosema EFI. Toyota yenyewe iliwahi kutoa 5A-F, ndugu wa injini hii aliyetoka kiwandani na kabureta, na aliyebuni injini ile alimpa manifoldi yake na distribyuta yake. Fundi wetu hakuwa na vitu hivyo. Alichukua chemba ya hewa ya EFI, akakata sehemu inayoshika throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta), akachomea bamba la chuma kwa juu na kuisimamisha kabureta ya 5K hapo. Kwa ukubwa kabureta haikuwa mbaya, kwa sababu 5K ni injini ya cc 1486. Tatizo lilikuwa kila kitu kilichoizunguka.

Tuanze na pampu. Ya EFI iko ndani ya tanki na inasukuma petroli kwa presha ya karibu bar 3. Kabureta inataka kati ya bar 0.2 na 0.3, basi, kwa sababu kinachozuia mafuta yasifurike ni kisindano kidogo kinachosukumwa na boya. Fundi aliiacha pampu ileile. Aliweka kiungio cha T, mkono mmoja ukaenda kwenye kabureta, mwingine ukarudi tanki. Hiyo peke yake ingepunguza presha. Lakini gari lilipokosa nguvu kwenye mwendo, akadhani mafuta hayafiki, akaubana mpira wa kurudisha kwa waya wa kufungia. Tulipofunga geji pale ilisoma bar 1.4. Hakuna boya litakaloizuia presha hiyo.

Tuliondoa kifuniko cha filta ya hewa, tukafungua swichi bila kuwasha injini, tukatazama ndani ya koo la kabureta. Kwanza sauti ya pampu nyuma. Kisha petroli ikaanza kuchuruzika kutoka kwenye nozeli kubwa, tone juu ya tone, halafu uzi mwembamba usiokatika, ikishuka kwenye chemba. Injini imelala kabisa. Kila alipokuwa akisimama Ferry kupakia samaki huku redio inaimba na swichi iko wazi, petroli ilikuwa inajaa kwenye manifoldi. Ndiyo sababu haliwaki likiwa la moto: plagi zimeshalowa.

Na kwa nini pampu inafanya kazi injini ikiwa imezima? Hili ndilo lililonitisha kuliko yote. Toyota waliifunga pampu hii ipitie relei inayosubiri injini izunguke. Boksi isipopata alama kutoka kwenye distribyuta, inakata umeme wa pampu baada ya muda mfupi sana. Gari likigonga na injini ikazima, mafuta yanasimama. Fundi aliichomoa pampu kwenye relei na kuipeleka moja kwa moja kwenye swichi. Sasa hesabu: gari limegongwa pale Tazara, mpira wa mafuta umekatika karibu na ekzosi ya moto, dereva amezimia, swichi iko wazi, pampu inaendelea kumwaga. Mpira wenyewe ulikuwa wa kawaida, uliofungwa kwa klipu dhaifu, na ulikuwa umeshaanza kutokwa jasho la petroli kwenye kiungio.

La moto

Sehemu hii wengi hawaifahamu, hata mafundi wazuri. Wanaongea juu ya EFI kama ni mfumo wa mafuta tu. Katika 5A-FE boksi ndiyo inayopanga pia taiming ya moto, yaani wakati wa cheche ya plagi kuruka. Distribyuta yake haina uzito wa ndani unaofunguka kwa mwendo, wala haina kile kikombe cha vakyumu pembeni tulichozoea kwenye 5K. Kazi yake ni kusoma mzunguko na kugawa moto. Kuamua moto uruke lini ni kazi ya boksi. Ukiitupa boksi, umebaki na injini isiyo na mtu wa kupanga moto.

Fundi alilijua hilo nusu. Aliiacha boksi kwa ajili ya moto, akachomoa injekta. Wazo lenyewe linawezekana, na nimeliona likifanya kazi. Lakini boksi inapanga moto kwa kutazama mgandamizo wa manifoldi, na bamba alilochomea halikuwa na kichuchu cha mpira wa sensa ya vakyumu. Mpira ukaachwa unaning'inia karibu na betri. Tulipima waya wa sensa: injini ikiwa imezima, volti 3.6. Injini ikiwa inaunguruma, volti 3.6 ileile. Kwa boksi, dereva amekanyaga mafuta hadi chini saa zote, hata akiwa amesimama taa za Buguruni. Na injini iliyobeba mzigo mzito inapewa moto wa kuchelewa ili petroli isilipuke kabla ya wakati na injini ikagonga.

Moto ukichelewa, petroli inaunguzwa wakati pistoni imeshashuka. Nguvu inatoka kwenye ekzosi badala ya kutoka kwenye magurudumu. Dereva anakanyaga zaidi, anatumia zaidi, na ekzosi inapata joto lisilo la kawaida. Gari linakosa nguvu kwa sababu ya moto, fundi anadhani ni mafuta, anabana mpira wa kurudisha, presha inapanda, kabureta inafurika. Kosa moja lilizaa lingine.

Ili mwenye gari aone mwenyewe, tulielekeza taa ya taiming kwenye puli, kijana akauchukua ule mpira uliokuwa unaning'inia na kuvuta hewa kwa mdomo. Alama kwenye puli ikaruka mbele papo hapo, na sauti ya injini ikapanda. Akaachia, ikarudi. Akavuta tena. Mwenye gari akasema, "Kumbe boksi ni nzima!" Nzima kabisa, na siku zote hizo ilikuwa inafanya kazi kwa kudanganywa.

Plagi zilisimulia jambo jingine. Ya silinda ya 4, iliyo karibu na kabureta, ilikuwa nyeusi na imelowa. Ya silinda ya 1 ilikuwa nyeupe kama chokaa. Manifoldi ya EFI imetengenezwa ipitishe hewa kavu, kwa sababu petroli inarushwa na injekta mlangoni mwa kila silinda. Manifoldi ya kabureta inapitisha hewa iliyochanganyika na matone, kwa hiyo njia zake ni fupi na mara nyingi maji ya moto ya injini hupitishwa chini yake ili matone yageuke mvuke. Ukimwaga matone ndani ya chemba pana na ya baridi ya EFI, yanatuama chini. Silinda moja inakunywa dimbwi, nyingine inaunguza hewa karibu tupu. Hakuna bisibisi la kabureta linaloweza kusawazisha hilo. Ukiongeza mafuta ili kuiokoa ya 1, unaizamisha ya 4.

Uamuzi

Mwenye gari alikuwa na njia mbili: kuikamilisha kabureta ipasavyo, au kurudi kwenye EFI. Nilimshauri arudi, na sababu zangu zilikuwa za mahesabu. Boksi ni nzima. Injekta zilikuwa bado zimo kwenye reli yake, imefungwa ndani ya mfuko chini ya kiti cha nyuma. Waya hazikukatwa, zilifungwa kwa tepu tu, na hapo namshukuru fundi wa kwanza. Kilichokosekana ni chemba na throto, na hivyo kwa injini za 5A na 4A vinapatikana Gerezani na Shaurimoyo bila shida. Kuikamilisha kabureta kungetaka manifoldi ya 5A-F, ambayo sikumbuki mara ya mwisho kuiona sokoni, distribyuta yake, pampu nyingine na laini mpya za mafuta.

Tulibadilisha soketi ya sensa ya joto na kipande cha waya kilicholiwa na kutu. Maungio mapya ya waya tuliyachomea risasi, tukayafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Waya wa pampu ukarudi kwenye relei. Mipira yote ya mafuta kwenye injini tuliitupa, tukaweka ya presha kubwa yenye klipu zake. Oili ilikuwa nyepesi na inanuka petroli, maana petroli iliyofurika huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo oili na filta vikabadilishwa kabla ya kuwasha. Taiming tuliiweka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, TE1 na E1 zikiwa zimeungwa, kama injini hii inavyotaka. Ukisahau kuunga hivyo vituo viwili, boksi inaendelea kusogeza moto yenyewe na unachokipima hakina maana.

Kwa hesabu za mwenye gari, alikuwa anapata kilomita kama 7 kwa lita wakati wa kabureta. Sasa anapata 12 na kitu, humohumo kwenye foleni za Mandela na Kigogo. Kwa mtu anayesubiri bei kikomo za mafuta za EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, tofauti hiyo ndiyo faida au hasara ya biashara nzima.

Kabureta inapofaa

Sitaki msomaji aondoke akidhani naichukia kabureta. Nimeifanyia kazi maisha yangu yote na ina heshima yake. Kuna gari ambalo mimi mwenyewe ningekubali kulibadilisha: lililoungua waya zote, boksi yake haipatikani au inauzwa kwa bei isiyoendana na gari, linafanya kazi mbali na fundi mwenye vipimo, na injini yake ina ndugu wa kabureta aliyetoka kiwandani. Hiace ya 1RZ-E ina 1RZ. Hilux ya 22R-E ina 22R. Pale unachukua manifoldi ya ndugu yake, kabureta yake na distribyuta yake yenye uzito na vakyumu. Unaweka pampu ya presha ndogo, unaacha njia ya kurudisha mafuta tanki ikiwa wazi, na chini ya kabureta unaweka ile gasketi nene ya kuzuia joto, kwa sababu kwenye jua la Dar na foleni ya saa nzima petroli inaweza kuchemkia kwenye bakuli. Pampu ya umeme lazima ikatike injini ikizima. Kwenye hilo sibishani na mteja. Asipokubali, gari haliingii.

Na mteja aambiwe mapema atakachopoteza. Kabureta iliyopimwa hapa pwani itakuwa nzito kwa mafuta akipanda Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi na jeti zake hazilijui hilo. Sensa ya vakyumu ingerekebisha yenyewe njiani.

Fundi wa kwanza alikuja gereji siku ya kulikabidhi gari, mwenye gari alimwomba. Tulimwonyesha ile soketi ya kijani, tukampa mita apime mwenyewe pande zote mbili za kipande cha waya tulichokitoa. Alipima mara kadhaa. Kabureta yake ya 5K aliichukua, ana mteja wa LiteAce.

Kuna jambo moja ambalo halijaisha. Tulipima kompresheni baada ya kazi: silinda tatu zilisoma kati ya psi 170 na 175, ya 1 ikasoma 150. Ndiyo ile iliyokuwa na plagi nyeupe, iliyounguza kwa hewa nyingi na petroli kidogo kwa miezi yote hiyo, na nashuku vavu yake ya kutolea moshi imeanza kuliwa ukingoni. Gari linavuta vizuri na halimisi, kwa hiyo hatukufungua hedi. Atalirudisha wakati wa kubadilisha oili tuipime tena. Ikiwa imeshuka, hedi itafunguliwa.